Tungekaa au Tungalikaa? Viambishi vya Masharti na Historia ya Rufiji

Nilipokuwa kijana nilimsahihisha mzee mmoja wa Kibiti, na hadi leo naona haya. Tulikuwa barazani jioni, mazungumzo yamefika kwenye mashamba ya zamani ya kando ya mto. Mzee akasema, "Tungalikaa bondeni, tungalishiba." Nami, niliyekuwa nimetoka shule na sarufi yangu kichwani, nikamwambia kwamba siku hizi watu husema "tungekaa, tungeshiba", tena ni fupi. Akanitazama, kisha akajibu, "Mjukuu wangu, ukisema tungekaa, nitachukua jembe langu nishuke sasa hivi."

Ilinichukua miaka kulielewa jibu lile.

Kiambishi -nge- hutaja jambo lisilo kweli sasa, lakini ambalo wakati wake haujapita. Kiambishi -ngali-, pamoja na ndugu yake -ngeli-, hutaja jambo ambalo wakati wake umekwisha: halikuwa, wala haliwezi tena kuwa. Sarufi ya E. O. Ashton, iliyochapishwa mwaka 1944, imevipambanua viwili hivyo. Tukikanusha tunasema "nisingejua" na "nisingalijua", ingawa wengi wa kale walisema "singejua" na "singalijua". Shuleni tulifunzwa pia kwamba pande mbili za sentensi zilingane: -nge- kwa -nge-, -ngali- kwa -ngali-. Leo, katika mazungumzo na hata magazetini, -nge- imemeza kazi zote mbili.

Kiingereza hakina kiambishi cha namna hii. Huazima umbo la wakati uliopita na kulitwika jambo la leo. Ndiyo maana mwalimu wetu alisisitiza tuseme *If I were*, wala si *was*, hata kwa mtu mmoja. Neno hilo halitaji jana. Linatangaza kwamba jambo si kweli. Anayelitafsiri neno kwa neno huishia kusema "kama nilijua, ningekuja". Lakini "kama nilijua" huacha shaka: huenda nilijua, huenda sikujua. "Ningalijua" hukiri waziwazi kwamba sikujua. Tena halihitaji hata "kama". Sharti lote limo ndani ya kitenzi.

Historia ya Rufiji yenyewe ni shule nzuri ya -ngali-. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar. Muda mfupi baadaye mitambo yake iliharibika, ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, kati ya mikoko. Vipande vya mitambo vilibebwa nchi kavu hadi Dar es Salaam vikatengenezwe, kwa nguvu za mamia ya Waafrika. Mitambo isingaliharibika, Königsberg isingalirudi deltani. Waingereza waliizingira, lakini manowari zao kubwa hazikuweza kuingia katika maji yale mafupi. Wakaleta mbili zenye kina kidogo, Severn na Mersey, zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya Brazili. Brazili ingalizilipia, zingalikwenda mto Amazon, wala watu wa delta wasingaliziona. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915, zikarudi tena tarehe 11, na siku hiyo Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe. Mizinga yake iliopolewa ikaendelea kupigana nchi kavu, na vita havikuisha Afrika Mashariki hadi Novemba 1918.

Katika habari hizo zote, kusema "isingeharibika" au "ingezilipia" ni kulegeza fundo ambalo historia imekwisha kulikaza.

Sasa nirudi kwa mzee wangu. Warufiji waliishi na mto kwa kuujua. Maji yalipopanda, mpunga ulipata kunywa; yalipopungua, walipanda mlau katika udongo uliobaki na unyevu. Wakati wa kulinda mazao walikaa katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Mafuriko makubwa yalikuja mwaka 1968, na baada yake Serikali ikawahamisha watu kutoka bondeni kwenda nyanda za juu, katika vijiji vya ujamaa, kwa mpango uliojulikana kama Operesheni Rufiji. Huko walipata shule na zahanati, lakini mashamba yenye rutuba yalibaki chini, mbali na nyumba. Wengi waliendelea kuteremka kulima.

Mzee aliposema "tungalikaa", hakuwa akidai arudishwe, wala hakuwa akitoa ushauri. Alikuwa akihesabu hasara ambayo hairudi, na kiambishi chake kilikuwa mhuri wa hesabu hiyo. Mimi, kwa kumpa -nge-, nilimgeuzia maombolezo yake kuwa pendekezo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Siku ile mjukuu mwenyewe hakuyatambua majuto alipoyasikia.

Wala sisemi -nge- haina pake. Aprili 2024 maji ya Rufiji yalifunika tena nyumba na mashamba, katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Anayeuliza leo, "Maji yangepanda tena, tungekimbilia wapi?" anataka jibu, tena analitaka mapema. Swali hilo likiulizwa kwa -ngali-, msikilizaji atadhani hatari imepita, aende zake kulala.

Kwa watunzi, jambo hili lina mtego wake. "Tungekaa" ina mizani 4, "tungalikaa" ina mizani 5. Mshororo ukipwaya, mkono hukimbilia -ngali-. Ukijaa kupita kiasi, hukimbilia -nge-. Nimefanya hivyo mara nyingi, nikijisifu kwamba mizani imetimia. Siku hizi, kabla ya kuchagua, najiuliza kama yule ninayemtungia bado anaweza kuchukua jembe lake na kushuka bondeni. Ikiwa hawezi, basi naongeza silabi ile moja, na mshororo nautengeneza upya kutoka mwanzo.