Samaki wa Nyumba ya Mungu

Huenda, msomaji, umewahi kusimama ukingoni mwa Ziwa Jipe, upande wa Taveta, ukayatazama maji yale yaliyotulia kana kwamba hayana safari. Safari yanayo. Hutoka ziwani kwa mto Ruvu, yakaingia Tanzania, yakakutana na maji ya Kikuletwa yateremkayo kutoka milima ya Kilimanjaro na Meru. Na hapo ndipo mto Pangani uzaliwapo.

Karibu na makutano hayo, kusini ya mji wa Moshi, mto ulizuiwa kwa ukuta mwaka wa 1965, mahali paitwapo Nyumba ya Mungu. Ukuta huo haukujengwa kwa ajili ya samaki. Ulikusudiwa kuweka akiba ya maji ya kiangazi, ili mitambo ya umeme iliyo chini ya mto, kama ile ya Hale, isikose nguvu. Bonde likafurika. Nyasi, vichaka na udongo wenye rutuba vilizama, vikaoza, vikayalisha maji. Perege, waliokuwa wakiishi mtoni tangu kale, wakapata malisho na nafasi wasiyopata kuiona.

Habari ikaenea upesi. Wavuvi wakaja kutoka mbali, wakiwamo waliojifunza kazi yao katika maziwa mengine. Vijiji vikaota pwani ya bwawa, na samaki wakakaushwa kwa jua na kwa moshi. Katika mwaka wa 1970 mavuno yalipita tani 20,000. Lori la kuchukua tani 5 lingehitaji safari 4,000 kuwabeba wote!

Miaka michache baadaye hata robo yake haikupatikana.

Utauliza, nani wa kulaumiwa? Watu wengi hujibu mara moja: wavuvi. Mimi naona jibu hilo ni la haraka mno. Rutuba ya bonde lililozama ilikuwa kama ghala lisilotiwa nafaka mpya. Ilipoliwa ikaisha, na hapana mvuvi awezaye kuirudisha. Mabwawa mengi mapya yamepitia njia hiyo hiyo.

Hata hivyo, wavuvi nao walikuwa na sehemu yao. Perege dume huchimba kiota chake penye maji machache. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai kinywani mwake, akayatunza humo mpaka watoto waweze kuogelea. Kokoro likiburutwa ufukoni hufukia viota, na wavu wa matundu madogo humnasa samaki kabla hajazaa hata mara moja. Mavuno yalipopungua, mwenye watoto wa kulisha alipunguza matundu ya wavu wake. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Wengine walifunga mizigo yao wakaondoka. Wengine walibaki, jembe mkono mmoja na wavu mkono wa pili, wakalima ardhi iliyoachwa wazi kila maji yaliporudi nyuma.