Euphrase Kezilahabi, Mwanachuoni na Mtunzi

Wahenga walisema kuwa mshika mbili moja humponyoka. Neno hilo ni la hekima, msomaji, na mara nyingi ni la kweli. Lakini yako mambo mawili ambayo mtu akiyashika pamoja, kila moja humzidishia nguvu ya kulishika la pili. Maisha ya Euphrase Kezilahabi ni ushahidi wa jambo hilo. Alikuwa mwanachuoni aliyezipima kazi za watunzi wengine, na alikuwa mtunzi aliyekubali kazi zake nazo zipimwe.

Alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe, lakini lugha aliyoichagua kwa kalamu yake ilikuwa Kiswahili. Alimaliza masomo ya shahada ya kwanza Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka uliofuata riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ikatoka. Ni habari ya msichana aliyelelewa kwa ukali na baba yake, akapelekwa shule bila kufundishwa kujiongoza, akapotea na kuangamia. Wapo waliokiona kitabu hicho kuwa ni kichafu, nacho kikazuiwa kwa muda katika shule za Tanzania. Baadaye kitabu kile kile kilikubaliwa kisomwe na wanafunzi wa sekondari. Hakikubadilika kitabu, walibadilika wasomaji.

Mwaka 1974 alitoa diwani ya mashairi iliyoitwa Kichomi, na hapo ndipo ugomvi mkubwa ulipozuka. Unajua kuwa shairi la Kiswahili, kwa desturi, huenda kwa vina na mizani. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa amekwisha kuzieleza sheria hizo katika kitabu chake cha mwaka 1954. Kezilahabi aliziacha. Alitaka ushairi utumie lugha ambayo watu huzungumza kila siku. Walinzi wa desturi walimjibu kwamba utungo usio na vina wala mizani si shairi, bali ni maneno ya kawaida yaliyokatwa vipande.

Yafaa uupime ugomvi huu kwa haki, maana pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mwaka mmoja kabla ya Kichomi ilitoka Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla wa Mombasa, mashairi aliyoyatunga kifungoni nchini Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972. Yeye alishika kanuni za kale, na kanuni hizo zikachukua uchungu mpya bila kuvunjika. Basi si kweli kwamba desturi ilikuwa imekufa. Wala si kweli kwamba aliyeiacha aliidharau.

Hapa ndipo usomi wa Kezilahabi unapotuonyesha jambo. Wakati ugomvi ungali moto, yeye alikuwa akichunguza kazi za mzee mwenyewe wa fasihi ya Kiswahili. Tasnifu yake ya shahada ya pili, ya mwaka 1976, ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Shaaban Robert alijenga nchi za kubuni kama Kusadikika, nchi iliyo angani, ambamo wema hushindana na uovu. Kezilahabi aliwaweka watu wake Ukerewe na Dar es Salaam, nao mara nyingi walishindwa. Hakuiacha njia ya mzee kwa kutoijua. Aliiacha hali ameipima hatua kwa hatua.

Baadaye alikwenda Marekani, na mwaka 1985 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison. Huko alichunguza falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Swali lake lilikuwa zito: je, kazi za Waafrika zitapimwa daima kwa vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya kazi za watu wengine? Hakuliacha swali hilo katika makabati ya chuo. Mwaka 1990 alitoa Nagona, na mwaka 1991 Mzingile, riwaya fupi mbili zinazokwenda kama ndoto, ambamo mtu hutafuta ukweli njiani na njia humzungusha. Fikira aliyoieleza kisomi aliieleza tena kwa hadithi.

Tangu miaka ya 1990 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Botswana. Mwaka 2008 alitoa diwani ya tatu, Dhifa. Alifariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020.

Kijana msomaji, mwalimu akupapo shairi ulichambue, lichambue kwa bidii. Kisha keti utunge lako, hata likiwa la beti mbili tu. Utajua ugumu wa kupata neno moja linalofaa, na siku utakapohukumu kazi ya mwenzako hutaihukumu kwa pupa. Na ukitaka kuvunja kanuni, ijue kwanza. Asiyeijua kanuni hawezi kusema kuwa ameivunja, amejikwaa tu.