Hundi ya Narsinh Mehta

Katika kuadhimisha siku hii kuu ya hekalu letu, tumeombwa na kamati tuandike machache kuhusu imani ya wazee wetu: kwa nini watu waliovuka bahari wakiwa na vitu vichache walijihimu kujenga nyumba ya ibada wakati wengi wao wangali wapangaji. Tarehe za ujenzi na majina ya wafadhili yamo katika kurasa nyingine za kitabu hiki, nasi hatutayarudia. Tumechagua neno moja tu, ambalo kila msomaji wetu, awe Mhindu, Mwislamu au Mkristo, huenda amewahi kulitamka mbele ya dirisha la benki. Neno hilo ni hundi.

Lugha ya Kiswahili ililipokea neno hili kutoka kwa wafanyabiashara wa Bara Hindi, kama ilivyopokea bima, laki na bepari. Hilo la mwisho kwa Kigujarati ni vepari, yaani mfanyabiashara tu, ingawa huku limepata ukali ambao babu zetu hawakuujua. Siku hizi hundi ni karatasi ya benki. Zamani ilikuwa barua. Mfanyabiashara wa mji mmoja hupokea fedha taslimu, kisha humwandikia mwenzake wa mji mwingine akimtaka amlipe mwenye barua kiasi kile kile. Mwenzake akiikubali barua, hulipa. Na baadaye wawili hao husawazisha hesabu zao kwa bidhaa, au kwa hundi nyingine zinazokwenda upande wa pili. Ilikuwapo hundi iitwayo darshani, inayolipwa mara tu ionekanapo. Ilikuwapo muddati, inayolipwa baada ya muda uliotajwa. Ilikuwapo pia shah jog, ambayo hulipwa kwa mtu anayejulikana na kuheshimika sokoni peke yake. Karatasi yenyewe haikuwa na thamani yoyote. Thamani ilikuwa katika jina lililoandikwa juu yake.

Tuangalie basi hundi ilimfaa nani. Ilimfaa zaidi msafiri. Mtu aliyetembea na mfuko wa fedha alikuwa na mizigo miwili: uzito wa fedha na hofu ya wanyang'anyi. Hakulala usingizi mzuri katika nyumba ya wageni, wala hakumwamini mwenzake wa njiani. Aliyebeba hundi alikuwa ameuacha mzigo wake nyuma kabla hajaanza safari. Barua hizo zilivuka hata bahari. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Kachchh walipokuwa na maduka makubwa Unguja, na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilipokuwa ikisimamia ushuru wa forodha wa Sultani, hundi zilisafiri kati ya Unguja na Bombay katika majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi. Wazee wetu waliokuja nyuma yao waliijua barua hiyo vizuri, na waliijua pia hadithi ya hundi moja ambayo haikuandikwa na tajiri.

Narsinh Mehta aliishi katika karne ya 15, katika mji wa Junagadh, chini ya mlima Girnar, katika rasi ya Saurashtra. Wagujarati humwita mshairi wetu wa kwanza. Alizaliwa katika ukoo wa Brahmin wa Nagar, watu wa elimu na cheo, lakini hakuwa na mali. Masimulizi yanasema alifiwa na wazazi angali mtoto, akalelewa na kaka yake, akaondoka katika nyumba ile kwa sababu ya maneno makali ya shemeji. Alimpenda Bwana Krishna, akaimba sifa zake usiku na mchana. Alikwenda kuimba hata katika makazi ya watu waliohesabiwa kuwa wasioguswa, na kwa kosa hilo watu wa ukoo wake walimtenga. Mmoja wa nyimbo zake unaeleza sifa za mcha Mungu wa kweli, na sifa ya kwanza ni kuguswa na uchungu wa wengine. Mahatma Gandhi, ambaye naye ni mtoto wa Saurashtra, aliuingiza wimbo huo katika ibada za kila siku za ashramu yake.

Hadithi yenyewe ni hii. Mahujaji walifika Junagadh wakiwa njiani kwenda Dwarka, mji wa Krishna ulio pwani ya magharibi. Walikuwa na rupia 700, na njia ya mbele haikuwa salama. Wakauliza ni nani katika mji huu anayeandika hundi za kulipwa Dwarka. Watu wenye dhihaka wakawaonyesha nyumba ya Narsinh, wakisema kuwa hakuna tajiri ampitaye. Mahujaji wakaja na mfuko wao. Narsinh akatambua kwamba anachezewa. Lakini akaona pia kwamba wageni hawa hawana hila, na kwamba mzigo wao ni wa kweli. Akazipokea fedha, akaandika hundi kwa jina la Shamalsha Sheth wa Dwarka. Shamal ni jina la Krishna, yule mwenye rangi ya giza. Kisha fedha zile akawalisha na kuwavika wenye njaa na watawa, akaketi kuimba, akimwomba Bwana aikubali barua yake.

Mahujaji walipofika Dwarka waliuliza sokoni kuhusu Shamalsha. Hakuna aliyemjua. Walipokaribia kukata tamaa, wakiamini wametapeliwa, akatokea mfanyabiashara aliyevaa vizuri, mwenye mfuko mkononi. Akaitazama hundi, akasema kwamba jina la Narsinh ni jina kubwa kwake, akawalipa fedha zote.

Katika karne ya 17 mshairi Premanand wa Vadodara aliitunga hadithi hiyo kwa mashairi ya kusimuliwa hadharani, na kwa njia hiyo iliingia katika kila kijiji cha Gujarat. Filamu ya kwanza ya Kigujarati yenye sauti, iliyotoka mwaka 1932, nayo ilikuwa juu ya Narsinh Mehta. Sisi tuliipokea kutoka kwa bibi zetu, tukiwa tumelala juu ya mkeka, kabla hatujajua Dwarka iko wapi.

Lakini lazima tuseme kweli. Hadithi hii humtia mashaka mtu wa biashara. Anayeandika hundi bila kuwa na fedha, leo hupelekwa mahakamani. Je, kumtegemea Mungu ni kuandika karatasi isiyo na akiba na kungoja muujiza? Swali hili halikuwa la kitabuni kwetu. Lilikuja nyumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchini Tanzania, duka la baba yetu lilielemewa na madeni. Mzigo aliokwisha kuulipia nusu haukufika. Wateja waliokopa hawakuwa na cha kulipa. Barua za wadai zilipoanza kuja, baba alizitia katika kopo la biskuti bila kuzifungua. Jioni alifunga duka mapema, akaja hapa hekaluni, akakaa mpaka baada ya aarti, ile ibada ya taa, akarudi nyumbani asipate usingizi. Mama alipomwuliza juu ya madeni, alijibu kwamba ameshaandika hundi kwa Shamalsha.

Mzee mmoja aliyekuwa akitunza hesabu za hekalu alimsikia akisema hivyo. Akamwambia, "Bhai, Narsinh aliandika barua. Wewe hata walizokuandikia hujazifungua." Usiku ule mzee alikuja dukani kwetu. Wakakaa sakafuni, wakafungua kopo, wakasoma barua moja baada ya moja, wakaandika kila deni katika kitabu cha hesabu chenye jalada jekundu. Tulishika taa, kwa maana umeme ulikuwa umekatika. Jumla ilikuwa kubwa kuliko alivyohofu baba. Mzee akafumba kitabu, akakiweka mbele ya picha ya Krishna iliyokuwa juu ya rafu, akasema, "Sasa hundi imeandikwa. Kesho tutakwenda kwa wadai pamoja. Wewe lala." Na baba akalala. Deni lilikuwa halijapungua hata senti moja, lakini alilala mpaka jua likachomoza, jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwa miezi mingi.

Wadai wengine walikubali kungoja, wengine hawakukubali. Wanachama wawili wa hekalu walimkopesha kidogo. Kisha jirani yetu wa mtaa wa pili, mzee wa Kiislamu aliyeuza nazi na mchele, akaleta magunia mlangoni kwetu bila kuombwa wala kutaka karatasi. Alisema, "Jirani, uza kwanza. Tutahesabiana baadaye." Alipoondoka, mama alitazama mlangoni akasema kwa Kigujarati kwamba safari hii Shamalsha amekuja na kanzu na kofia. Deni lilichukua miaka mitatu kwisha. Mchele ule ndio uliolipwa kwanza.

Tangu hapo tumeisoma upya hadithi ya Narsinh, na tumeona mambo tuliyoyapita zamani. Kwanza, fedha alizopokea hakujinunulia kitu. Aliwalisha wenye njaa. Hundi yake haikuwa hila ya kukwepa deni. Pili, aliandika. Alikitaja kiasi, akamtaja mlipaji, akatia jina lake chini, akawa tayari kuaibika ikiwa haitalipwa. Tatu, na hili ndilo kubwa kwetu, mahujaji walipumzika kabla ya kulipwa. Walitembea kutoka Junagadh hadi Dwarka bila mzigo na bila hofu, ilhali malipo yalikuwa bado mbele. Pumziko lilianza pale walipoukabidhi mzigo. Tena hundi hiyo haikumwondolea Narsinh kila huzuni, kwani masimulizi yale yale yanasema alifiwa na mkewe na mwanawe. Aliendelea kuimba. Majirani zetu Waislamu huliita jambo hili tawakali, nao husema pia kwamba jitihada haiondoi kudura. Sisi tungeongeza kwamba kudura nayo haimwondolei mtu wajibu wa kufungua barua zake.

Bhagavad Gita, katika sura ya tisa, inamwonyesha Bwana akiahidi kuwa wale wanaomwelekea kwa moyo wote, yeye mwenyewe huyabeba mahitaji yao. Kitenzi kilichotumika pale ni cha kubeba, kama mtu abebavyo mzigo. Shirika la bima ya maisha la serikali ya India, lililoanzishwa mwaka 1956, lilichukua maneno hayo yakawa kaulimbiu yake. Wengine hucheka kuona maandiko matakatifu juu ya karatasi za bima. Sisi hatucheki. Bima nayo ni watu wengi kuubeba mzigo ambao mmoja peke yake ungemvunja mgongo, na hatujui njia nyingi ambazo Mungu hupenda kuzitumia kuliko migongo ya watu.

Ndiyo maana kila Diwali tunaleta vitabu vipya vya hesabu mbele ya madhabahu, katika ibada iitwayo chopda pujan, na kuandika katika ukurasa wa kwanza maneno ya kuomba heri na faida. Jirani anayepita na kuona vitabu vya biashara vikipakwa rangi nyekundu ya kanku huenda akadhani tunaabudu fedha. Tunachofanya ni kinyume chake: tunakiri kwamba hata hesabu zetu haziko mikononi mwetu peke yetu, na kwamba kitabu kitakachowekwa mbele ya Mungu hakifai kuwa na uongo ndani yake.

Sasa twaweza kujibu swali la mwanzo. Wazee wetu walijenga hekalu mapema kwa sababu walihitaji Dwarka iliyo karibu, mahali ambapo hundi ya mtu aliyeelemewa ingefikishwa na kukubaliwa. Waliokuja wagonjwa walipata wa kuwauguza, waliofiwa walipata wa kubeba jeneza, na waliofilisika walipata mzee wa kukaa nao sakafuni. Mzee yule ameshatutoka, na jirani yule pia. Nafasi zao ziko wazi. Wapo katika mji wetu, ndani ya jamii yetu na nje yake, wenye makopo ya barua ambazo hazijafunguliwa. Hawatasema, tutawajua kwa macho yasiyolala.

Katika mwaka huu wa maadhimisho, taa za hekalu zinawaka vizuri na rangi ya kuta ni mpya. Tuombe tusiwe watu wa kuwaelekeza wageni kwa dhihaka. Na siku hundi ya mwenzetu itakapoletwa mlangoni kwetu, ikiwa na jina la Bwana juu yake, tusiseme kwamba katika mtaa huu Shamalsha hajulikani.

Jai Shri Krishna.