Wameru na Shauri la Engare Nanyuki

Mtu akiona watu wamenyamaza mbele ya dhuluma, huwadhania kuwa wavivu au wajinga. Walakini ulegevu wa moyo una chanzo chake. Watu walioshindwa mara nyingi hujizoeza kutojali, maana kujali kumewaletea maumivu tu. Kwao, methali isemayo kuwa mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe huwa sheria ya maisha.

Wameru, wakaao kwenye miteremko ya Mlima Meru karibu na Arusha, walikuwa na sababu nyingi za kuishika sheria hiyo. Mwaka 1896, wamisionari Ovir na Segebrock walipouawa huko Akeri, Wajerumani walilipiza kisasi kwa vita. Mwaka 1900 viongozi wa Wameru walinyongwa Moshi pamoja na Mangi Meli. Kisha ardhi ya chini ya mlima ikagawiwa walowezi, hata wenyeji wakajikuta wamezingirwa na mashamba ya wageni. Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mzingo huo haukuvunjwa.

Mwaka 1947 ikatoka taarifa ya Jaji Mark Wilson, iliyoshauri kwamba wenyeji waondolewe Engare Nanyuki, kaskazini mashariki ya mlima, ili mahali hapo pawe nchi ya walowezi wafugao ng'ombe. Novemba 1951 amri ikatekelezwa. Watu wapatao 3,000 walitolewa, nyumba zao zikachomwa moto na mifugo yao ikaswagwa. Waliagizwa kuhamia King'ori. Wengi walikataa, wakakataa na fidia pia, kwa kuwa apokeaye fidia amekwisha kulifunga shauri.

Lakini kukataa peke yake kungeweza kuishia katika ukimya ule ule wa zamani. Kilichowaamsha watu ni mchango. Chama cha Raia wa Meru kilikusanya fedha za kupeleka malalamiko mbele ya Umoja wa Mataifa, uliokuwa mdhamini wa Tanganyika. Hata watu wa migomba na kahawa huko juu mlimani, ambao mashamba yao hayakuguswa, walitoa. Aliyekuwa amezoea kusema kwamba jambo hili halimhusu, sasa alikuwa ametia fedha yake ndani yake.

Mwaka 1952 Kirilo Japhet, Mmeru, na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, walilifikisha shauri hilo New York. Ukoo wa wakulima ukasikilizwa mbele ya mataifa. Hata hivyo, katika Mkutano Mkuu azimio la kuwatetea lilikosa theluthi mbili za kura. Ardhi haikurudishwa.

Kwa desturi ya miaka iliyotangulia, hapo ndipo watu wangerudi kunyamaza. Safari hii haikuwa hivyo. Kirilo aliporejea alizunguka sehemu mbalimbali za Tanganyika akieleza yaliyotokea, na watu ambao hawajapata kuiona Engare Nanyuki wakaihesabu dhuluma hiyo kuwa yao. Chama cha Waafrika wa Tanganyika, ambacho katika mahali pengi kilikuwa kimelala, kilipata jambo la kukizindua. Aprili 1953 Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wake, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Machi 1955 Nyerere naye akasimama mbele ya Baraza la Udhamini, akiifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na mtu wa Meru.

Haitakuwa kweli kusema kwamba shauri hili peke yake lilileta uhuru. Wala ushindi sio uliowafundisha Wameru kujali tena, maana walishindwa. Walianza kwa kutoa kidogo walichokuwa nacho, kabla ya kujua kama kitazaa kitu. Na mtu akiisha kutoa, huuliza habari za jambo hilo. Akiisha kuuliza, hawezi tena kujifanya hakuona.