Gadenia ya savana katika bustani za Kasongo na Kabambare

Gadenia ya savana (Gardenia ternifolia) ni kichaka, mara nyingine mti mdogo, cha familia moja na mkahawa. Hufikia urefu wa mita 1 hadi 6, na huota katika nyasi za Afrika ya kitropiki kuanzia magharibi hadi Ethiopia, Angola na Msumbiji. Kusini mwa jimbo la Maniema, zilipo Kasongo na Kabambare, pale msitu mkubwa wa Kongo unapoanza kuachia savana, ndiyo nchi inayoufaa mmea huu. Huchanua kiangazi kinapokwisha, nyasi zimekwisha kuungua na mvua za Septemba zinakaribia. Viwanja vya nyumba wakati huo ni vumbi jekundu lililofagiwa na hakuna ua la kutazama. Kwa sababu hiyo peke yake unastahili kupandwa nyumbani.

Majani yake hukaa matatumatatu kwenye kila kifundo. Ua huwa moja moja, lenye mrija mrefu na petali sita hadi tisa. Hufunguka jioni likiwa jeupe kabisa na kunukia sana, harufu inayowaita nondo wakubwa wenye ulimi mrefu. Kesho yake hugeuka rangi ya siagi, kisha manjano, halafu huanguka, hivyo kichaka kimoja huweza kuonyesha rangi zote tatu kwa pamoja. Tunda ni gumu, la kijivu, lenye nyuzinyuzi. Halipasuki lenyewe na hukaa tawini miezi mingi. Mti wake mgumu huchongwa miiko na mipini.

Spishi hii ilielezwa kitaalamu mwaka 1827 kutokana na mimea iliyokusanywa pwani ya Guinea. Nususpishi mojawapo inaitwa jovis-tonantis, yaani ya Jupita mwenye ngurumo. Jina hilo lilitolewa na Friedrich Welwitsch, mtaalamu wa mimea aliyetembea Angola katika miaka ya 1850 na kukuta watu wakiweka matawi yake juu ya nyumba ili kuepusha radi. Tawi halizuii radi, na mwenye nyumba asilitegemee kwa hilo. Lakini desturi yenyewe inaonyesha kwamba mmea huu uliingia kwenye makazi ya watu zamani sana.

Kasongo inajua bustani. Mji wa zamani wa mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu, uliotekwa na jeshi la Dola Huru la Kongo mwezi wa Aprili 1893, ulikuwa na michungwa, mikomamanga, mipera na miembe. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyeingia na jeshi hilo, aliisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1897. Njia ya misafara kutoka Ujiji ilipita Kabambare, na miti iliyotoka mbali ikapewa heshima uani. Gadenia ya savana haikuhitaji msafara wowote, kwani ilikuwapo tayari porini, na labda ndiyo maana ilipuuzwa. Hata sokoni duniani imefunikwa na ndugu yake wa China, Gardenia jasminoides, ambayo hutaka kubembelezwa kwa maji na kivuli.

Kuing'oa gadenia ya savana porini ni hasara: mzizi mkuu huenda chini sana, hukatika, na mmea hufa. Afadhali mbegu. Tunda lililokomaa hupasuliwa kwa panga, nyama yake huoshwa, na mbegu, ambazo ni ndogo na nyingi, hulowekwa usiku mmoja. Hupandwa kwenye bidoni iliyokatwa na kutobolewa chini, yenye mchanga uliochanganywa na mboji. Miche huota polepole, nayo huhamishwa mvua zikianza, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi.

Mahali pake ni penye jua la kutwa, udongo usiotuamisha maji, hata wenye changarawe. Mche mchanga huzungushiwa uzio wa fito, kwani mbuzi hausamehe. Miaka ya mwanzo humwagiliwa kidogo tu; kisha kiangazi huachwa bila maji. Kuchanua huchukua miaka kadhaa, na asiye na subira achague mmea mwingine. Maua hutokea kwenye ncha za vitawi vifupi vya pembeni. Kwa hiyo hupogolewa mara tu maua yakiisha kuanguka. Anayepogoa Julai huondoa maua ya mwaka huo.