Kifaduro kwa Mtoto Mchanga: Dalili, Tiba na Suala la Arobaini

Bismillahi Rahmani Rahim.

Kifaduro ni maradhi ya njia ya hewa yanayoletwa na bakteria na kuenea kwa kukohoa. Mtu mzima anaweza kukohoa wiki kadhaa akidhani ni mafua tu, na huku anapakata mtoto.

Wazazi husubiri ule mlio wa kuvuta pumzi baada ya kikohozi cha mfululizo. Kwa mtoto mchanga mara nyingi mlio huo hausikiki, na pengine hata kikohozi ni kidogo. Huanza kama mafua, kisha mtoto hushindwa kunyonya, hutapika, midomo na ulimi hugeuka buluu, au huacha kupumua kwa muda akalegea. Ukiona hayo, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Ilala tunazo Amana, Mnazi Mmoja na Muhimbili.

Huko hupewa antibiotiki, kwa kawaida azithromaisini, kwa kipimo cha uzito wake, na oksijeni akihitaji. Wanaoishi naye nao huandikiwa dawa. Dawa za kikohozi za dukani si za mtoto mchanga.

Wapo wanaosema ni kimeo, wakampeleka akatwe. Kukata kimeo hakutibu kifaduro. Huleta kutokwa damu na hatari ya pepopunda. Wengine humlambisha asali kwa hoja ya Suratun-Nahl. Aya ni haki, lakini asali kwa aliye chini ya mwaka mmoja inaweza kumletea sumu inayopooza misuli, na sharia imekataza madhara. Tahniki ifanywe kwa tende iliyolainishwa sana, na mwenye kikohozi asiifanye.

Tumeulizwa: mama hajatimiza arobaini na mume yuko dukani Kariakoo, je, atoke? Atoke. Nifasi si eda. Inahusu swala, saumu na tendo la ndoa, na kwetu Mashafii yaweza kufika hata siku 60. Haimfungi mtu ndani. Ruhusa ya mume haingojwi roho ikiwa hatarini. Ampigie simu akiwa njiani.

Chanjo hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na sindano ya pepopunda ya wajawazito haina kinga ya kifaduro. Kwa hiyo wiki za mwanzo mtoto hana ngao yake mwenyewe. Mtume (s.a.w.) alikataza hata mifugo migonjwa kuchanganywa na mizima (Bukhari na Muslim). Mgeni wa akika anayekohoa aombe dua akiwa mlangoni.

Wallahu a'lam.