Fuvu, Kichwa na Kaburi: Safari ya Istilahi za Kifaransa za Akiolojia hadi Bonde la Ufa

1.0 Utangulizi

Msomaji aliyepata kuishi Nakuru anaufahamu mtaa wa Milimani, ulio kwenye miteremko ya chini ya mlima Menengai. Kutoka hapo mji huonekana umelala chini, na ziwa likiwa ng'ambo yake. Upande wa mashariki, karibu na barabara iendayo Nairobi, kuna kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi. Kusini-magharibi kuna Njoro, na bondeni kuelekea Naivasha kuna Elmenteita. Katika eneo hili, kati ya mwaka 1926 na 1938, Louis Leakey na Mary Leakey walichimbua makaburi ya kale ambayo mafuvu yake yalipimwa, yakapangwa na kupewa majina. Ripoti zilizotokana na kazi hiyo zilikuwa miongoni mwa misingi ya historia ya kale ya Kenya.

Makala haya hayakusudii kuichunguza mifupa hiyo. Yanakusudia kuyachunguza maneno. Akiolojia ya zama za mawe iliundiwa sehemu kubwa ya msamiati wake nchini Ufaransa. Msamiati huo ukapitia Kiingereza, na kwa mkondo huo ukatufikia sisi. Katika kila kituo cha safari hiyo kuna kilichoongezwa na kilichopotea. Jambo hili huonekana wazi zaidi katika istilahi zinazohusu yale ambayo watu wa kale wanadhaniwa kuvitendea vichwa vya wafu wao. Hoja yetu ni kwamba istilahi za aina hii huchanganya maelezo na hukumu, na kwamba mfasiri anayefuata Kiingereza peke yake huipokea hukumu akidhani amepokea maelezo. Tutaonyesha pia kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuvitenganisha viwili hivyo, pengine kuliko Kiingereza chenyewe.

2.0 Majina ya Kifaransa katika ardhi ya Nakuru

Katika kitabu chake cha mwaka 1931 kuhusu tamaduni za zama za mawe za Koloni ya Kenya, Leakey aliviita baadhi ya vifaa vya mawe vya pango la Gamble, karibu na Elmenteita, kwa jina la Aurignac likitanguliwa na la Kenya. Aurignac ni kijiji cha kusini mwa Ufaransa. Baadaye jina hilo liliachwa, likachukuliwa lile la Kapsa, linalotokana na mji wa Gafsa nchini Tunisia, nalo pia liliingizwa katika taaluma na wataalamu wa Kifaransa. Ilipofika mwaka 1980 ndipo lilipopendekezwa jina la Eburru, mlima unaoonekana kutoka mahali vilipochimbuliwa vifaa vyenyewe. Ilichukua takriban nusu karne kwa mawe ya Elmenteita kupewa jina la mlima wa jirani.

Ikumbukwe kwamba tatizo hili halikufichika kwa wataalamu wenyewe. Mnamo Januari 1947 Kongamano la kwanza la Afrika Nzima kuhusu Historia ya Kale lilifanyika Nairobi, likiongozwa na padri Mfaransa Henri Breuil, huku Leakey akiwa mratibu wake. Suala la istilahi lilijadiliwa kwa miaka mingi iliyofuata, na mkutano wa Burg Wartenstein, Austria, wa mwaka 1965 ulitoa mapendekezo ya kuacha kuitafsiri Afrika kwa majina ya Ulaya. Hata hivyo, juhudi hizo zilielekezwa zaidi kwenye majina ya tamaduni na vipindi. Msamiati wa wafu haukuangaliwa kwa makini kiasi hicho. Jambo hilo ni la kujutia, kwa sababu jina la jiwe likikosewa huharibu jedwali la vipindi, lakini jina la kitendo likikosewa humsingizia mtu aliyekwisha kufa na asiyeweza kujitetea.

3.0 Kikombe, paa na fuvu

Breuil huyo huyo, akishirikiana na Hugo Obermaier, alikuwa ameandika mwaka 1909 kuhusu mafuvu ya pango la Le Placard, katika eneo la Charente, ambayo waliyaeleza kuwa yamechongwa kuwa 'coupes', yaani vikombe. Katika Kifaransa neno hilo liko mbali na neno 'calotte', ambalo kwa asili ni kofia ndogo ya duara, na katika anatomia ni sehemu ya juu ya fuvu. 'Calotte' ni sehemu ya mwili: hutaja kile kilichosalia. 'Coupe' ni chombo: hudai kwamba mtu alikiunda kwa kusudi la kukitumia. Kiingereza kilipoyapokea maneno haya kilipata 'skull-cap' na 'skull-cup'. Tofauti kati ya sehemu ya mwili na chombo cha kunywea sasa ni irabu moja, na kosa la mpigachapa latosha kuzua karamu.

Kwa Kiswahili, mfasiri mwenye haraka ataandika 'kikombe cha fuvu', na msomaji ataona chai ikinywewa. Lakini lugha yetu imekwisha kulifikiria umbo hili kwa njia yake. Neno 'fuvu' lina jirani yake 'kifuu', yaani ganda tupu la nazi. Na 'bupuru', ambalo ni ganda tupu, hutumika pia kwa fuvu la kichwa. Kifuu kikitiwa mpini huwa kata ya kutekea maji. Kwa hiyo tunazo hatua tatu zilizo wazi: ganda lililosalia tu, ganda lililochongwa ukingo, na ganda lililofanywa chombo. Mwanaakiolojia huweza kuiona hatua ya kwanza kwa macho, na ya pili kwa darubini. Hatua ya tatu huhitaji hoja. Tunapendekeza basi 'paa la fuvu' kwa 'calotte', na 'fuvu lililochongwa ukingo' pale ambapo alama za zana zimethibitika. 'Kata ya fuvu' litumike pale tu ambapo mwandishi wa asili mwenyewe anadai matumizi, na dai hilo lihesabiwe kuwa lake.

Neno 'crâne' lenyewe lina mtego. Katika maandishi ya Kifaransa huweza kuwa fuvu zima pamoja na taya, au fuvu lisilo na taya ya chini. Anatomia ya Kiingereza hutenganisha 'skull', lenye taya, na 'cranium', lisilo nayo. Mfasiri akiandika 'skull' palipostahili 'cranium', amerudisha taya ambayo mchimbaji hakuipata. Tofauti hii ni nzito. Kichwa kilichokatwa kikiwa na nyama kwa kawaida huenda na taya yake, na pengine na pingili za shingo. Fuvu lililochukuliwa kutoka kaburini baada ya mwili kuoza mara nyingi huiacha taya nyuma. Taya peke yake, basi, yaweza kuamua kama tunamzungumzia adui aliyeuawa au babu aliyetembelewa. Kiswahili kinatupa 'kichwa' kwa chenye nyama na 'fuvu' kwa mfupa mtupu. Kilichobaki ni mfasiri aseme waziwazi 'fuvu pamoja na taya' au 'fuvu bila taya', bila kuogopa urefu.

4.0 'Culte' na fisi wa Guattari

Istilahi iliyoleta madhara zaidi ni 'culte des crânes'. Kwa Mfaransa, 'culte' ni neno la kila siku: hutumika katika sheria zinazohusu uhuru wa kuabudu, na ibada ya Waprotestanti ya Jumapili huitwa hivyo. Katika Kiingereza cha leo 'cult' hunuka kikundi cha siri na ushabiki wa kutisha. Herufi ni karibu zile zile, lakini wafu wa kale wamehamishwa kutoka hekaluni hadi kichakani.

Kiswahili nacho hakina jibu jepesi. 'Ibada' huelekea kwa Mungu. Kuandika 'ibada ya mafuvu' ni kusema kwamba mafuvu yaliabudiwa, jambo ambalo hata watetezi wa nadharia hiyo hawakulisema wote. 'Tambiko' lina nguvu zaidi kwetu, kwa kuwa linabeba uhusiano wa walio hai na wahenga wao; lakini kwa sababu hiyo hiyo linadai ukoo, kumbukumbu na sadaka, mambo ambayo mfupa hauyasemi.

Hatari ya kuanza na neno la hukumu inadhihirishwa na pango la Guattari, huko Monte Circeo, Italia. Mwaka 1939 lilipatikana humo fuvu la Neanderthal ambalo tundu la chini lilikuwa limepanuliwa, na ilielezwa kwamba lilikuwa katikati ya mawe yaliyopangwa duara. Alberto Carlo Blanc aliliona kuwa ushahidi wa ibada, na maelezo hayo yakaenea katika vitabu vya lugha nyingi. André Leroi-Gourhan, katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu dini za zama za kale, aliutilia shaka ushahidi wa aina hiyo. Uchunguzi uliochapishwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba pango lilikuwa pango la fisi. Neno 'ibada' lilikuwa limedumu kwa nusu karne, na aliyelistahili alikuwa fisi.

Afrika Mashariki ina mifano yake ya kupima nayo tahadhari hii. Fuvu la Bodo, lililopatikana Ethiopia mwaka 1976, lina alama za kukatwa kwa zana za mawe, kama alivyoonyesha Tim White mwaka 1986. Mafuvu ya Herto, nchini humo humo, yaliyopatikana mwaka 1997 na kutangazwa mwaka 2003, yana umri wa miaka 160,000 hivi, na lile la mtoto limeng'aa kana kwamba lilishikwashikwa mara nyingi. Kwa kitendo kilichoacha alama kama hizi Kifaransa husema 'décharnement', kuondoa nyama. Mfasiri wa Kiswahili atavutwa na 'kuchuna', neno la machinjioni, ambalo tayari linamweka marehemu kwenye ndoano ya mchinjaji. 'Kuondoa nyama' ni maneno makavu, lakini hayamshitaki mtu.

5.0 Kuzika na kufukia

Wafaransa wenyewe waliligundua tatizo hili mapema. Jean Leclerc na Jacques Tarrête, katika kamusi ya historia ya kale iliyohaririwa na Leroi-Gourhan mwaka 1988, walilifafanua neno 'sépulture' kwa sharti maalumu: pasiwe na mabaki ya marehemu tu, bali pawe na dalili za kutosha za nia ya kutimiza kitendo cha mazishi. Henri Duday na wenzake wakajenga juu ya msingi huo taaluma ya kusoma namna mwili ulivyooza na mifupa ilivyosogea, ili nia ithibitishwe kwa ushahidi na si kwa msamiati. Taaluma hiyo ilipovukia Kiingereza ilikumbana na neno 'burial', ambalo hutumika kwa marehemu aliyezikwa na kwa mfupa uliofunikwa na tope la mafuriko. Mwongozo mkubwa wa Kiingereza wa taaluma hii, uliotolewa mwaka 2022, ulilazimika kujumuisha faharasa ya kulinganisha istilahi za lugha hizo mbili.

Hapa ndipo Kiswahili kinapostahili kusikilizwa. Sisi hatuhitaji faharasa kutambua kwamba kuzika si kufukia. Shimo hufukiwa, takataka hufukiwa, mbwa hufukiwa, mtu huzikwa. Nia ambayo Leclerc na Tarrête waliitafutia sharti imo tayari ndani ya kitenzi. Mwanafunzi anayefasiri 'burial' kwa 'kuzika' kila mahali ameipoteza tofauti ambayo lugha yake inayo na ambayo lugha anayoifasiri haina.

Turudi Nakuru. Katika pango la mto Njoro, lililochimbuliwa mwaka 1938 na kuelezwa katika kitabu cha mwaka 1950, yalipatikana mabaki ya watu wapatao themanini waliochomwa moto miaka 3,000 hivi iliyopita, pamoja na mabakuli ya mawe, michi na shanga. Kifaransa kwa muda mrefu kilikiita kitendo cha namna hiyo 'incinération', neno ambalo kwa Mwingereza ni la kuteketezea taka. Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimbua mwaka 1937 na 1938 na kutoa ripoti mwaka 1945, baadhi ya wanawake waliwekewa vyombo vya mawe makaburini. Hao walizikwa, ushahidi upo. Lakini Louis Leakey alipoyakusanya mafuvu ya eneo hili katika kitabu chake cha mwaka 1935, aliyapanga kwa mbari, na mtu aliyezikwa akageuka kuwa kielelezo cha kipimo. Tafsiri mbaya ya kwanza ya wafu wa Nakuru ilifanyika pale, kabla hata ya Kiswahili kuulizwa.

6.0 Hitimisho

Tumependekeza kwamba mfasiri wa istilahi hizi afuate ngazi tatu: kwanza ataje hali ya mfupa, pili kitendo kilichoacha alama, na mwisho, pale tu anapolazimika, nia ya mtendaji. Neno la Kifaransa linaloruka ngazi lishushwe, na neno la Kiingereza lililoiongeza ngazi lirudishwe kwenye asili yake kabla ya kufasiriwa.

Mwaka 2021 lilitangazwa kaburi la Panga ya Saidi, katika kaunti ya Kilifi, la mtoto wa umri wa miaka mitatu hivi aliyelazwa ubavu wa kulia miaka 78,000 hivi iliyopita. Kwa namna pingili za shingo na fuvu vilivyosogea, watafiti walitambua kwamba kichwa kilikuwa kimeegemezwa juu ya kitu laini kilichooza baadaye. Mbinu yao ilitoka katika taaluma ya Kifaransa, makala yao yakaandikwa kwa Kiingereza, na jina walilompa marehemu, Mtoto, ni la Kiswahili, nalo halikufasiriwa. Hapakuwa na ibada ya fuvu wala kikombe hapo. Palikuwa na kichwa kilichowekewa mto. Kaburi hilo ni miongoni mwa ya kale kabisa yanayojulikana barani Afrika, na kitenzi kinacholistahili tunacho: mtoto huyo hakufukiwa, alizikwa.